Kisigino, Kijiti na Diane

Jumatatu, 5 Mei
Nimeshuka kitandani, nikakanyaga msumari. Nimeinama kuutafuta. Hakuna msumari. Ni kisigino changu! Kosa ni la mbio za ufukweni kila alfajiri, na kosa la mbio ni la Diane wa kwaya, naye hukimbia huko. Jumamosi ya wiki ijayo kuna mashindano ya makanisa, kupokezana kijiti, na mimi ndiye nitakayemkabidhi Diane. Mkono kwa mkono! Kanisa zima likitazama! Anayenyemelea nafasi yangu ni Hardy, yule kinyozi Mkongomani jirani na duka langu la kutengeneza simu. Kwa hiyo siumwi. Nani kasema naumwa?

Jumanne, 6 Mei
Nimechechemea mpaka dukani. Hardy kauliza kulikoni. Nikamwambia ndiyo staili mpya, wakimbiaji wakubwa wote siku hizi wanatembea hivi. Mchana namwona naye anachechemea mbele ya wateja, kifua mbele. Nimecheka mpaka nikaangusha simu ya mtu. Kioo kwisha. Haidhuru!

Jumatano, 7 Mei
Nimekwenda kwa siri kwa fizio, mtaalamu wa viungo. Dada wa Kizulu, mpole wa sura, vidole vya chuma. Kabonyeza mara moja tu, nikamwita mama yangu aliye Bujumbura. Kasema mshipa wa unyayo umevimba: nipumzike, nisikimbie kabisa, nikae nikiviringisha chupa ya barafu chini ya mguu. Nimelishika la chupa. Mengine ni maneno ya watu waliosoma.

Alhamisi, 8 Mei
Chupa ni dawa! Nimeviringisha, nikairudisha kwenye friza ya maman Antoinette, mwenye nyumba wangu. Jioni pasta kaja kumtembelea, jino linamuuma. Maman kampa nini? Chupa yangu! Pasta kaibandika shavuni, kafumba macho, kasema ni baraka. Nikaruka kumnyang'anya, nikatua kwa kisigino, yowe! Kauliza, Ruphin, una nini? Ningesema mguu, Diane angejua kesho. Nikasema ni vita vya kiroho. Pasta kasimama, kasema basi Jumapili nije mbele, niombewe.

Mungu wangu. Mdomo huu utaniua.

Jumapili, 11 Mei
Nimeitwa mbele. Wamenishika kichwa, mabega, kila mahali isipokuwa panapouma. Pasta kasema kama nimefunguliwa niruke. Diane ananitazama. Nikaruka! Nikatua. Nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga. Kanisa likaitika haleluya, vigelegele, kinanda kikaingia. Nikizidi kulia nao wanazidi kucheza. Diane katokwa na machozi. Hardy kanikumbatia, katubu kwamba alikuwa ananiombea niugue. Nimemsamehe. Nimejisikia mtu mkubwa sana.

Jumamosi, 17 Mei
Siku yenyewe! Nimepokea kijiti, nikaondoka kama mshale. Mshale umefika kwenye kibanda cha mahindi, ukavunjika. Nikaendelea kwa mguu mmoja. Kanisa la pili likanipita, la tatu likanipita, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanipita, na yeye hata hakuwa kwenye mashindano. Ghafla Hardy katoka kwenye watu, kanibeba mgongoni, huyo! Diane kanyoosha mkono. Nikamkabidhi kijiti juu ya kichwa cha Hardy. Vidole vimegusana! Waamuzi wametufuta. Sijali hata kidogo.

Jumapili, 18 Mei
Sijaenda kanisani. Pasta katuma salamu kwamba imani yangu ilikuwa fupi. Maman Antoinette kajua habari za chupa, hanisemeshi.

Lakini Diane kaja! Na ndizi na maharage! Kasema mbio hazipendi hata kidogo, alikuwa anakuja ufukweni kwa sababu mimi niko. Nimeomba arudie. Karudia! Kasema nitulie tu, nisikanyage chini, nikipona tutatembea polepole, sisi wawili. Nimeapa. Kutulia ni kazi gani? Nimeshinda, jamani, nimeshinda!

Nimemsindikiza kwa macho, dirishani. Huko chini Hardy anapita, anachechemea. Staili yangu! Niliyomfundisha mimi! Diane kaona, kashika kifua, maskini, lazima anadhani kaumia kwa kunibeba. Kamshika mkono. Eish! Anamtembeza polepole!

Wamesimama kwenye robot ya barabarani, taa ni nyekundu. Viatu viko wapi? Nikikimbia nitawawahi.