Waranti ya Dereva Mmoja

Jumatatu, 3 Julai

Seruwaia amepandishwa cheo. Kuanzia wiki ijayo ni muuguzi mkuu wa wodi kule Nausori, na zamu inaanza kabla basi la kwanza halijapita. Kwa hiyo tunanunua gari. Pesa ni za mke wangu, akili ni yangu. Amesema hivyo mwenyewe, ila alipofika kwenye akili alikohoa.

Ameongeza kwamba nikivuruga na hili, atahamia Nausori kwa dada yake, nami nibaki Suva na akili zangu. Alisema huku anatabasamu. Lakini nimeliona begi lake juu ya kabati. Limefutwa vumbi.

Mtaa mzima unanishauri. Wajinga! Wanapiga teke matairi, wanafungua boneti, wanatikisa kichwa na hawaoni kitu. Kisha wanachagua rangi. Mimi sichagui gari. Nachagua waranti, ile dhamana ya matengenezo.

Jumanne, 4 Julai

Nimezunguka yadi tatu za magari baada ya kazi. Ya kwanza: gari aina ya saluni, nyeupe, imetembea kidogo, viti bado vina nailoni. Waranti ya injini na giaboksi basi. Nikauliza, na betri ya haibridi? Muuzaji akasema betri ni majaliwa ya Mungu. Nikamwambia Mungu hana gereji hapa Suva. Nikatoka kwa maringo, nikasahau mwavuli wangu.

Ya pili: bei chee, waranti hakuna, lakini wanakupa redio. Redio!

Ya tatu ni ya Shalendra, njia ya kwenda Nasinu. Saluni ya rangi ya fedha, imetoka Japani, haina hata mkwaruzo. Waranti miaka miwili, betri ndani, mpaka taa. Nikamuuliza mtego uko wapi. Akasema hakuna mtego, kaka, ila waranti ziko mbili. Moja ni ya dereva yeyote, na bei yake inauma. Nyingine ni ya dereva mmoja, na hiyo ni nafuu sana. Jina linaandikwa, kamera ndogo inafungwa kwenye kioo, na ikionekana sura nyingine kwenye usukani, waranti imekufa. Alinieleza kwa sauti ya pole, kama daktari. Mimi nilikuwa karibu kumbusu.

Maana kwetu Fiji ndugu akiomba hakataliwi. Anasema neno moja tu, kerekere, na kitu chako kimeondoka. Filimoni, mtoto wa shangazi yangu na mtani wangu tangu tuzaliwe, aliomba mashine yangu ya kukata nyasi kwa mchana mmoja. Sasa iko Labasa. Imevuka bahari! Mimi mwenyewe sijawahi kufika Labasa.

Sasa waje waombe. Nitasema ningependa sana, ndugu yangu, tatizo ni waranti.

Alhamisi, 6 Julai

Nimesaini. Shalendra aliuliza mara mbili kama nina hakika, kaka, nyumbani hakuna mwingine anayeendesha? Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu hakuna mwingine anayefikiri. Akaandika jina langu, Waisake, akapiga muhuri. Nimerudi napiga mluzi njia nzima.

Jumamosi, 8 Julai

Gari limefika. Ndugu wamejaa uani, tumelinywea kava, kinywaji chetu cha mizizi, kama inavyotakiwa. Filimoni amelizunguka akaniuliza kama hili ni gari au sanduku la viatu. Mtu mwenyewe kavaa kandambili za rangi mbili! Mara likaja neno lenyewe. Kerekere, Waisake, wikiendi moja tu, nampeleka mama kijijini Korovou.

Nikavaa uso wa huzuni. Nikatoa karatasi, nikaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, pamoja na habari ya kamera. Filimoni kachomoza shingo kwenye kamera, kaikunjia uso, karudi kukaa. Nimesubiri siku hii miaka.

Hapo ndipo Seruwaia akanyoosha mkono. “Nipe funguo, niijaribu njia ya Nausori.”

Ana leseni tangu kabla hatujaoana. Nilikuwa nimesahau. Yaani nilimkumbuka vizuri sana, nilichosahau ni kwamba anaendesha.

Filimoni alicheka mpaka kava ikamwagika. “Shemeji, pole! Na wewe umehesabiwa pamoja na sisi waombaji!” Seruwaia aligeuka. Alianza kuosha bakuli ambalo lilikuwa limeshaoshwa. Nikamwambia nitampeleka kazini mwenyewe, kila siku, kwa mapenzi. Akauliza kama najua zamu yake inaanza saa ngapi. Sikujua.

Jumapili, 9 Julai

Filimoni amefikiri. Si kawaida yake, na madhara ni makubwa.

Alinikamata nje ya kanisa, mchungaji kasimama pembeni. Akasema amelala akiiwaza ile karatasi. Inakataza dereva mwingine, haikatazi abiria. Kwa hiyo haombi tena gari, ananiomba mimi. “Kerekere, Waisake. Njoo utuendeshe.” Mchungaji akasema ni vizuri ndugu wakisaidiana, kisha akauliza kama kesho nitakuwa na nafasi ya mabesi wanne wa kwaya.

Jibu la gari nilikuwa nalo. La kunyima nafsi yangu sikuwa nalo.

Jumatano, 12 Julai

Nimechoka mpaka kope. Alfajiri Seruwaia, Nausori. Kisha shangazi na magunia ya majimbi, sokoni. Kisha kazini, nimechelewa, bosi kanuna. Jioni mabesi wanne. Wanene wote! Kwani hakuna besi mwembamba Fiji nzima? Springi zilikuwa zinaimba sauti ya tano.

Filimoni ndiye kapewa kiti cha mbele, hata sijui na nani. Anakula samaki na muhogo juu ya dashibodi yangu. Ananiita dereva. “Dereva, mashimo hayo hukuyaona? Dereva, kanyaga mafuta, maiti hatusubiri.” Maana jana tulikwenda kwenye mazishi Korovou, ya mtu ambaye mpaka sasa sijui ni nani. Nililia kuliko wote, kwa uchovu.

Na huko Korovou ndiko nilikokuwa Seruwaia alipotoka zamu. Alinisubiri mvuani, kisha akapanda basi. Nilimkuta jikoni, viatu vyake vimewekwa kwenye jiko vikauke. Nikamweleza kwamba kosa ni la Filimoni. Akaenda chumbani akaliteremsha begi.

Ijumaa, 14 Julai

Jana begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Usiku sikuwa nimepata usingizi. Nilimwambia nimepata mpango mwingine: nitajifanya mgonjwa wa mgongo, ndugu wote wataniacha. Akauliza huo mgongo utampelekaje yeye Nausori. Maswali yake ni ya watu wa hospitali, hayana mwisho.

Akachukua risiti ya gari, yenye jina lake, akatoka. Nilikaa karibu na begi. Nilihisi kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, naandika tu kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kama angelibeba lile begi, sijui ningefanya nini.

Alirudi kwa basi, akachukua funguo, akaliendesha gari mbele ya macho yangu! Amekwenda kwa Shalendra, amefuta jina langu, ameandika lake. Waranti ileile, betri ndani, mpaka taa. Akaingia, akalirudisha begi juu ya kabati. Nililia kidogo, chooni.

Filimoni hakuchelewa. Kaja na tabasamu, kasema kerekere, shemeji, utuendeshe. Seruwaia akamwambia karibu sana, shemeji yangu. Gari linatoka alfajiri giza likiwepo, atakayekuwa amesimama barabarani, ameoga, atapanda, na hali samaki ndani.

Leo asubuhi barabara ilikuwa tupu, amenihadithia. Hata mbwa hakuwepo.

Jumapili, 16 Julai

Nilitaka kwenda kwa Filimoni. Hasa nilitaka anione nikifika kwa saluni, peke yangu, kioo kimeshushwa. Seruwaia alikuwa amelala, ametoka zamu. Nikamwomba kwa adabu, kwa mila, kwa neno lenyewe.

Alifungua jicho moja. Akasema dereva ni mmoja na amelala. Akalifumba.

Nimekwenda kwa miguu, jua kali. Nimemweleza Filimoni kila kitu. Mtu na ndugu zake, mtu na mume wake, anatanguliza karatasi? Analelewaje mtu mpaka anakuwa hivyo? Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa bakuli la kava, kisha akaniomba nirudie polepole kuanzia mwanzo. Nikarudia. Alianguka kwenye mkeka akicheka, na mama yake akatoka ndani akauliza kama kuna mtu amekufa. Nyumba ile yote haina huruma.

Hapana, nimeshajua la kufanya. Shalendra ana saluni nyingine, ya kijivu, imetembea kidogo hata kuliko hii. Nitanunua yangu. Waranti ya dereva mmoja, jina langu, kamera mbili. Halafu Seruwaia aje aniombe.