Hujaji wa Bei Poa

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeropoka tena. Jana tulikula chakula cha mchana kwa Dympna, dada wa mke wangu, na mumewe Malachy. Huyu Malachy ni mwanyumba wangu na ni daktari wa meno. Akatangaza, huku akikata nyama ya kondoo, kwamba wiki ijayo wanakwenda Roma. Hoteli ina bwawa la kuogelea juu ya paa. Akasema twende wote, na kama mambo ni magumu yeye yupo. Alisema "mambo ni magumu" kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma punda.

Noreen aliweka uma chini. Aliangalia tu viazi vyake. Tarehe ishirini na moja tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Fungate yetu tuliila Kilkee, pwani ya kwetu, ndani ya gari la kulala la mjomba wangu, mvua juu, harufu ya mbwa ndani. Niliahidi Roma siku ile ile, ili anyamaze. Alinyamaza, ila hakusahau.

Basi nikasema nimeshapanga. Roma, wiki hiyo hiyo, mahali pa kupendeza, nilitaka iwe siri. Noreen akanishika mkono mezani, mbele ya watu. Malachy akasahau kutafuna. Dakika tamu sana.

Leo nimekaa dukani kwangu kati ya mazulia. Sijapanga chochote.

Jumanne, 9 Aprili

Hoteli za Roma zimerukwa na akili. Kwa bei ya chumba chenye choo cha nje ningenunua ng'ombe. Chumba kimoja kiko "hatua chache kutoka katikati ya mji". Ramani inaonyesha hatua hizo zinaanzia baharini. Kingine kina picha za maua tu, na palipo na maua mengi kitanda kina kasoro. Kingine kitanda kiko juu ya jiko, unapanda kwa ngazi, na mwenye nyumba anaandika kwamba wageni hulisifu joto.

Nilikuwa nimekata tamaa nikala keki ya Noreen. Ndipo nikapata. Trastevere, mjini kabisa! Nyumba ya mahujaji inayosimamiwa na watawa. Kitanda, chakula cha jioni, kifungua kinywa. Malipo hakuna. Mlangoni kuna sanduku, unatumbukiza unachoweza. Mimi huweza kidogo sana.

Kuna sharti. Wanapokea tu watu waliofika Roma kwa miguu, walau kilomita mia, wakiwa na kadi ya hija yenye mihuri ya makanisa ya njiani. Nimeliwaza sharti hili kwa makini. Hakuna mtu anayefika popote bila miguu.

Alhamisi, 11 Aprili

Kadi za hija nimezichapa mwenyewe. Mihuri naichonga kwa viazi. Kazi ya kujivunia, isipokuwa muhuri wa kwanza ulisomeka OBRETIV badala ya VITERBO, mji wa mahujaji kaskazini mwa Roma, nikalazimika kuchonga upya. Noreen akaingia jikoni akauliza kwa nini viazi vya chakula vimeandikwa. Nikamwambia ni sanaa, inatuliza moyo. Akasema moyo wake ungetulia zaidi kama angepata viazi vya kupika.

Akaniuliza hiyo hoteli ikoje. Nikasema ni ndogo, ya kale, inaendeshwa na akina mama, na mapokezi yao hayapatikani kwingine. Sikudanganya hata neno. Nikaongeza kwamba shirika la ndege limekataza masanduku ya magurudumu, abebe begi la mgongoni. Hapo nilidanganya kidogo.

Jumatano, 17 Aprili

Tumefika. Naandika haraka, nimeketi kibarazani, na kwa nini nimeketi kibarazani nitaeleza.

Kutoka uwanja wa ndege nilimshusha Noreen kwenye kituo cha treni nje kidogo ya mji. Nikamwambia Roma inapendeza ukiingia taratibu, kama watu wa zamani. Akakubali, maana alikuwa na furaha, na furaha humfanya mpole. Tatizo lilikuwa matope. Nyumbani Limerick matope yanakufuata hadi kitandani. Hapa jua linawaka, ardhi kavu kama biskuti. Noreen alipoingia msalani, nikachota udongo kwenye chungu cha maua cha mkahawa, nikautia maji ya chupa, nikapaka viatu. Mwenye mkahawa akatoka akasema maneno mengi. Nadhani yalihusu mama yangu.

Tulipokaribia nikaanza kuchechemea. Noreen akauliza nina nini. Nikasema msuli. Baada ya kona mbili akasema, "Fintan, msuli umehama. Ulikuwa mguu wa kushoto."

Mlango ukafunguliwa na Sista Ornella, mtawa mfupi mwenye mikono ya mwokaji. Akauliza tumetoka wapi. Nikajibu kwa Kiitaliano nilichokariri, Viterbo, nikamchomekea zile kadi, nikatazama chini kama mtu aliyeteseka. Akatukumbatia wote wawili. Akatupeleka ukumbini, akatuketisha vitini, akaleta karai na jagi.

Hili halikuandikwa popote. Wanaosha miguu ya kila hujaji! Nikasema asijisumbue, yetu ni safi. Akapiga magoti akanivua soksi.

Nina miguu mizuri. Siku zote naisimamisha juu ya mazulia. Sista akakigeuza kisigino changu huku na huku kama anachagua parachichi. Akaniangalia.

"Mwanangu," akasema kwa Kiingereza kizuri, "umetoka Viterbo kwa mikono?"

Kisha akamvua Noreen. Kucha kumi nyekundu, zimepakwa Jumatatu saluni. Sista akazitazama kucha. Noreen akanitazama mimi.

"Fintan, umewaambia nini hawa watawa?"

Nikasema ni suala la lugha. Noreen akamgeukia Sista. "Tumekuja kwa ndege, Sista. Nilikunywa mvinyo humo ndani. Niliambiwa hii ni hoteli." Sista akauliza ni hoteli ya aina gani mgeni huoshwa miguu. Noreen akasema ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuipenda. Hapo wakacheka, wote wawili, mpaka Sista akashika ukingo wa karai. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Hukumu ni hii. Vitanda vya mahujaji ni vya mahujaji. Lakini watawa wana chumba kimoja cha jamaa zao wa kike, na Noreen amekaribishwa humo kwa sababu amesema kweli. Mimi nimekaribishwa kibarazani, nifunge viatu.

Alhamisi, 18 Aprili

Jana usiku ilibidi nimpigie Malachy. Sijui kama analala na tai shingoni au aliivaa kwa ajili yangu. Akanifungulia chumba chake cha hotelini akasema, "Karibu, mwanyumba. Bafu letu ni kubwa." Alimaanisha nilale ndani yake. Wamenitandikia taulo kwenye beseni la kuogea. Dympna alitabasamu muda wote kama mtu anayeangalia mchezo aliokatia tiketi.

Asubuhi Malachy akataka kupiga mswaki. Daktari wa meno hapigi mswaki kama mimi na wewe. Nilijifanya nimelala. Akawa ananieleza kuhusu ufizi.

Noreen ameamkia kuchambua maharage na watawa, kisha wamempeleka sokoni. Nimempigia simu. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Nikamuuliza anacheka na nani. Akasema, "Na watu waliofika hapa kihalali."

Ijumaa, 19 Aprili

Sista Ornella amenipigia simu, ametoa nafasi. Nikapande treni hadi Viterbo, kisha nirudi kwa miguu kama wenzangu. Nikianza leo na nikikaza mwendo nitafika Jumapili jioni, siku yetu ya ndoa, na meza itakuwa imeandaliwa. Nikasema mimi ni mtu wa mazulia. Noreen akachukua simu. Sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Fintan, sikuhitaji bwawa la juu ya paa. Wala Roma sikuihitaji sana. Nilitaka siku moja ufanye kitu kwa ajili yangu bila kupita njia ya mkato. Jumapili nitakusubiri mlangoni. Usipokuja kwa miguu, mwaka ujao nasafiri na Dympna na Malachy, na wewe ubaki na viazi vyako."

Nimepanda treni. Nimelia kidogo, sehemu fulani kwa ajili ya maneno yake na sehemu fulani kwa ajili ya viatu.

Baadaye. Nimetembea alasiri nzima! Kwa kweli kabisa. Mashamba, mbwa, vumbi. Nina malengelenge mawili, nimeyapiga picha. Mama mmoja wa Denmark aitwaye Birgitte, anayetembea tangu milimani, ameyaziba kwa plasta zake mwenyewe. Akaniuliza nafanya hija kwa nia gani. Nikamwambia ni kwa ajili ya mke wangu. Akasema ni nia nzuri kuliko nyingi alizosikia. Nimejiona mtu mwingine.

Jumamosi, 20 Aprili

Huyo mtu mwingine ameamka na maumivu. Birgitte akatangulia. Nikabaki nyuma, nikafika mahali barabara inapanda kilima kisicho na sababu. Hapo palikuwa na kituo cha basi. Basi likaja. Sikuliita, lilisimama lenyewe.

Niliazimia kushuka upande wa pili wa kilima. Lakini kiti kilikuwa laini na dirisha lilikuwa na jua. Dereva ndiye aliyeniamsha. Tulikuwa Roma.

Tatizo: nimewahi siku nzima. Hakuna aliyewahi kutembea hivyo. Nikawaza kujificha. Wapi? Mahali ambapo mke anayeishi na watawa hawezi kufika. Malachy akanipokea, akanipa kaptula ya kuogelea, akasema hatasema neno. Nikapanda juu ya paa.

Maji ya bwawa lile ni kama maziwa ya uvuguvugu. Nilikuwa nimelala chali, malengelenge yakipoa, nikimwaza Malachy kwa wema kwa mara ya kwanza, niliposikia sauti ya Dympna. Na ya pili nikaijua.

Nikazama. Chini ya maji ni kimya. Niliona viatu vya Noreen vikija hadi ukingoni. Vikasimama. Havikuwa na haraka yoyote. Mimi nilikuwa nayo.

Nilipoibuka alikuwa ameketi ukingoni, ananipa taulo.

"Habari za njiani?" akauliza.

Nikasema kilima kilikuwa kibaya. Akasema, "Naona umetota jasho." Malachy alikuwa nyuma yake amevaa uso wa mtu asiyejua lolote. Mwanyumba gani huyu.

Jumapili, 21 Aprili

Noreen hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Alinipeleka kwa Sista Ornella, wakanong'onezana, nikakabidhiwa aproni na karai.

Mahujaji wa Jumapili ni wengi. Nimeosha miguu ya Wajerumani, ya padri wa Poland, ya kijana aliyetembea na viatu vya kuazima. Miguu ile haielezeki. Mingine ilikuwa na mambo ambayo Malachy angeyang'oa. Mwishoni akaketi Birgitte. Akanitambua papo hapo. Akauliza nilimpitaje wakati hakuniona njiani. Sista aliyekuwa ameshika jagi akasubiri jibu, naye Noreen mlangoni vilevile.

Nikasema kwa basi.

Sista akamimina maji. Birgitte akaingiza miguu yake kwenye karai, akasema maji yako vizuri.

Walipokwisha wote, Noreen akaja akaketi kwenye kiti. Akavua viatu. Ile rangi nyekundu imebanduka. Siku zote hizi alikuwa akizunguka Roma nzima na watawa wale, kanisa hadi kanisa, soko hadi soko, na visigino vyake vimechubuka kuliko vyangu. Nikaviosha taratibu. Sikumbuki mara ya mwisho kuishika miguu yake. Akanifuta povu puani akasema kule Kilkee mvua ilikuwa nyingi, lakini nilimwimbia usiku kucha ili asiisikie, na kwamba hajui kwa nini niliacha. Nikataka kusema jambo la maana. Nikasema nitaliwaza.

Tulikula meza moja na watawa. Chumba sikupewa. Kanuni ni kanuni. Lakini Noreen alinisindikiza hadi hotelini kwa Malachy, mkono kwa mkono, na mlangoni akanibusu mbele ya walinzi. Kisha akarudi kulala kwa watawa.

Nimekuwa mtu mpya. Naandika hivi nikiwa ndani ya beseni la kuogea, na ninamaanisha kila neno. Njia za mkato basi.

Jumatatu, 29 Aprili

Limerick. Mvua. Noreen amesema Oktoba angependa kuiona Vienna, sisi wawili tu, na kwamba safari hii nipange kwa uaminifu.

Nimepanga kwa uaminifu tangu asubuhi. Hoteli za Vienna zimerukwa na akili. Lakini nimegundua kitu. Jirani na hospitali moja kubwa kule kuna nyumba safi, tulivu, yenye bustani na kifungua kinywa, kwa bei ya kutupa. Ni ya ndugu wa wagonjwa. Hakuna kutembea hata hatua moja. Mgonjwa tu ndiye anayehitajika.

Noreen amekohoa mara mbili wakati wa chai. Nimemwambia asiharakishe kwenda kwa daktari.