Miwaridi Mitatu ya Angelika

Jumapili, 12 Aprili 2026

Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja uani bila kubadili nguo. Mwaridi wa Angelika umesimama pale pale, fimbo nne nyeusi zenye miiba. Hakuna jani. Nimeusalimia. Haukujibu. Hata mke wangu akikasirika alikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo sijakata tamaa.

Ng'ambo ya uzio, miwaridi ya Jean-Baptiste imeshatoa majani. Huyu ni Mkongomani wa Uvira, shemasi mwenzangu, mtu wa majivuno. Hajisifu kwa mdomo. Anasimama tu kando ya maua yake na kikombe cha chai. Nimemwonea kijicho tangu saa saba mpaka saa tisa.

Niandike mambo yalivyo. Mwaka jana mwezi kama huu Angelika alinunua miwaridi mitatu, yote ya njano. Mmoja tukaupanda hapa Louisville. Wa pili akampa binti yetu Spés, aliyeko Columbus. Wa tatu akampelekea dada yake Kostansia, Buffalo. Mwezi wa tano wetu ukatoa vitumba. Angelika akaving'oa vyote kwa kucha! Nikapiga kelele. Akasema mwaka wa kwanza ni wa mizizi, maua ni mwaka ujao. Tarehe tatu Juni akafariki. Hakuona hata ua moja. Laiti ningemshika mikono siku ile.

Siku mbili kabla hajatuacha aliniambia mti ule nitauua. Nikaapa sitauua. Akanitazama tu. Najua alikuwa anakumbuka nyanya zake kule kambi ya wakimbizi, nilizozizidishia majivu, na kuku wake niliyempa dawa ya mafua.

Jumamosi ya tarehe 30 Mei tutaganduka, yaani msiba unawekwa chini rasmi mbele ya ndugu, na aliyefiwa anaruhusiwa kuishi tena. Spés anataka baada ya hapo nihamie kwake Columbus, mtaa wa Northland, ghorofa ya pili, mabasi ya Morse Road yakipita chini ya dirisha. Anasema siwezi kukaa peke yangu. Anasema sili. Leo kwenye simu tumepatana. Siku hiyo mwaridi wa mama yake ukiwa umechanua, nabaki nyumbani kwangu. Kama haujachanua, nafunga mizigo. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kisha nikampigia shemeji Kostansia kumtaarifu kwamba wangu utamtangulia wake. Kwake inaanguka theluji. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 21 Aprili

Wametangaza baridi imerudi. Mwaridi nimeuvika koti langu la kazini. Mimi nimekwenda kazini, ghalani Okolona, na sweta ya Angelika, ya zambarau, yenye vifungo kama lulu. Msimamizi aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia salama kabisa.

Sweta bado ina harufu ya mafuta yake. Nimebandika lebo kichwa chini kwenye maboksi sijui mangapi.

Jumamosi, 25 Aprili

Ala! Kumbe nilikuwa kipofu! Nyuma ya zile fimbo nyeusi kuna chipukizi. Limetoka ardhini tangu mwaka jana, ila mwaka jana nani alikuwa na macho? Refu kunipita. Kijani kitupu. Baridi haikuligusa.

Mtu aliyelelewa kwenye migomba hahitaji kufundishwa. Shina la mgomba lina mama, mtoto na mjukuu. Mama akichoka unamkata, mtoto anapata nafasi. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake pia. Nimelinoa panga.

Jean-Baptiste alikuja mbio mpaka kwenye uzio, chai ikimwagika. Akaniambia: bon, papa Zenoni, ule muti uache vile, ukikata utalia! Nimemjibu kwamba kwetu mtoto wa miaka sita anajua kupunguza shamba. Wivu huo. Ameshaona atashindwa.

Nikakata. Fimbo zote nne, usawa wa udongo. Ndani hazikuwa nyeusi. Zilikuwa na kijani kibichi na maji kidogo. Nikaona si kitu.

Sikuweza kuzitupa. Nimezisimamisha kwenye kona ya jiko, karibu na kandambili zake.

Jumamosi, 2 Mei

Leo mbio za farasi, zile kubwa za kila mwaka za mji huu. Magari yamejaa mtaani mpaka nimeshindwa kuvuka kwenda kununua mkate. Wanawake wamevaa kofia pana kama ungo. Nimetazama kwenye televisheni nyumbani kwa Jean-Baptiste kwa sababu mkewe Clémence alinivuta mkono. Farasi aliyeshinda amefunikwa waridi mgongo mzima. Farasi! Hata hajui ni nini, alikuwa anatafuta kuzila.

Nikatoka nje bila kuaga. Nimelia karibu na pipa la takataka. Mke wangu alifanya kazi miaka tisa katika mji huu akifua mashuka ya wazee na hakupata hata ua moja.

Chipukizi limeongezeka. Kitumba hakuna.

Jumatano, 13 Mei

Miwaridi ya Jean-Baptiste imechanua yote. Spés ameomba picha ya wetu. Nikajibu nipo kazini. Akaomba tena jioni. Nikanyoosha mkono juu ya uzio, nikapiga picha ua moja la jirani kwa karibu sana, nikatuma Columbus na Buffalo.

Shemeji Kostansia akapiga simu papo hapo. Ameuliza ua la njano limekuwaje jekundu. Nikamweleza kwamba haya huanza mekundu kisha hugeuka, kama papai. Akasema haya, shemeji. Simpendi anaposema haya namna hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mpaka Buffalo ni mwendo wa saa tisa.

Ili uongo ugeuke kweli, nimefukia vichwa sita vya samaki kwenye shina. Mbolea hiyo haina mfano.

Alhamisi, 14 Mei

Kuna mnyama wa huku, mwenye manyoya meusi machoni kama kitambaa cha mwizi, amefukua vichwa vyote sita na kuvitandaza mbele ya mlango wa Clémence. Nimeviokota mwenyewe, kwa mkono, kabla ya kazi. Clémence hakunigombeza. Amenipa sahani ya ugali na maharage. Wanafikiri mimi ni wa kuhurumiwa!

Nimeila yote.

Jumatano, 20 Mei

Spés ametuma picha. Mwaridi wake wa Columbus umechanua. Njano! Njano ya kiini cha yai la kienyeji. Nimeiweka simu mezani, nikatoa vikombe viwili, nikamimina chai katika vyote viwili. Kile kingine kikapoa. Miezi kumi na moja mkono bado hautaki kujifunza.

Kisha nikatoka uani, na nani ninamwona? Vitumba! Si kimoja. Vichanga vichanga, vimekaa kwa makundi juu ya chipukizi langu! Nimepiga vigelegele, mwanamume mzima. Jean-Baptiste amekuja kwenye uzio, ameinama akatazama shina, akasema atatuombea. Atuombee nini? Ajiombee mwenyewe.

Nimempigia Spés nikamwambia asiniandalie kitanda.

Alhamisi, 28 Mei

Vimefunguka.

Vyekundu. Vidogo, vyekundu vilivyoiva sana, vyenye doa jeupe katikati. Nimevitazama kutoka kila upande. Nimesubiri vigeuke kama papai.

Nimemwita Jean-Baptiste. Sikuwa na mwingine. Amenieleza taratibu, bila kuniangalia usoni. Miti hii ya dukani huunganishwa, kama wanavyobebesha miche ya maembe: juu ni waridi zuri, chini ni mizizi ya waridi la porini. Kinachotoka chini ni cha porini. Angelika alikuwa zile fimbo nne.

Yeye hakulitaja jina la Angelika. Nimelitaja mimi.

Nimekwenda jikoni nikazishika. Zimekauka. Mimi Zenoni nimeua mti mmoja niliopewa, kwa mikono yangu, nikiwa nimeapa. Alijua. Ee Mungu wangu, alijua, na bado akaniachia.

Ijumaa, 29 Mei

Nimepata akili! Dukani kuna maua ya njano, dazeni. Nimekata vile vyekundu vyote. Nimefunga ya njano moja moja juu ya chipukizi kwa nyuzi za Angelika za kusukia nywele. Kwa mbali hutambui. Nimesimama mlangoni: hutambui. Nimesimama kwenye uzio: unatambua kidogo. Nitawaweka wageni upande wa mlango.

Jumapili, 31 Mei

Nalazimika kuandika ya jana.

Wamekuja watu arobaini. Spés alifika asubuhi kutoka Columbus. Alitupa jicho uani, akanikumbatia, akasema kwa Kiingereza kwamba ni mazuri. Akinijibu Kiingereza huwa anaficha kitu, lakini nilifurahi. Mzee Semahoro, aliyekuwa jirani yetu kambini, ndiye aliyeongoza. Saa nane, jua kali sana. Mimi nilikaa jicho moja likiwa kwenye maua yangu. Yalianza kuinamisha vichwa. Moja, la pili, la tatu.

Hapo gari la shemeji Kostansia likaingia. Mwendo wa saa tisa kutoka Buffalo. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya viti, akafika kwenye mwaridi, akagusa ua la juu kabisa. Likabaki mkononi mwake pamoja na uzi.

Watu arobaini wakanyoosha shingo. La kuvunda halina ubani.

Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa minyoo. Ulikuwa mzuri. Mdomo ukakataa. Nikasema mbele ya wote kwamba nimeukata kwa panga kama mgomba, kwamba Jean-Baptiste alinikataza, kwamba niliapa kwa mke wangu naye hakuniamini, na alikuwa na haki. Nikamwambia Spés nitafunga mizigo leo leo. Nikalia vibaya, kamasi na kila kitu.

Shemeji aliangalia ua lile na uzi wake. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, kisha kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakamshika. Alipopata pumzi akamwagiza Jean-Baptiste afungue nyuma ya gari. Ndani kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo mwaridi wa Buffalo, na udongo wake, na vitumba vitano vimefumba. Huko baridi imeuchelewesha.

Akasema mwaka jana alimuuliza mdogo wake kwa nini anunue mitatu wakati ana uwanja mmoja. Angelika, tayari akiumwa, akamjibu kwamba Baba Spés, yaani mimi, atauua wa kwanza, na pengine wa pili. Akamwomba, siku ya kuganduka, aniletee huu wake. Na asinigombeze.

Sikujua kama nimetukanwa au nimependwa. Nadhani vyote viwili.

Mzee Semahoro akauliza kama bado kuna jambo linalouzuia msiba kuwekwa chini. Watu wakajibu hakuna. Akanimwagia maji mikononi, akasema tumeganduka, Zenoni rudi shambani kwako. Tukanywa soda. Tukaupanda mwaridi kabla giza halijaingia, shemeji akishika jembe, mimi nikikatazwa kushika chochote.

Spés amesema nibaki mpaka majira ya baridi, halafu ataona. Ameondoka leo mchana. Alipokuwa anafunga mkanda wa gari aliniambia kwa Kiswahili kwamba tangu juzi alijua ni uongo. Jean-Baptiste alimpigia simu, akamsihi asinionyeshe kwamba anajua.

Jumapili, 14 Juni

Umechanua! Jana kimoja, leo viwili. Njano ile ile! Nimeleta kiti, nimekaa mbele yake na vikombe viwili vya chai, safari hii makusudi. Nimemwambia tazama basi, mama Spés, ni hili hapa. Nimekaa mpaka chai zote mbili zimepoa. Moyo unauma, lakini unauma kwa utulivu.

Kwenye shina nimekuta karatasi ya shemeji, ameifunga kwa plastiki: USIGUSE. Sijagusa. Nimemwagia maji tu, nikang'oa magugu yaliyo karibu, nikatifua udongo kidogo pembeni.

Na katika kutifua nimeona kitu. Chini kabisa, upande wa uzio, kuna chipukizi. Nene. Kijani. Lina afya kuliko mama yake, ambaye tangu safari ile anaonekana amechoka, maskini. Najua alichosema Jean-Baptiste. Lakini ule ulikuwa mti wa Louisville, huu ni wa Buffalo, umezoea baridi, tabia yake itakuwa nyingine. Na mtoto hawezi kukua kivulini.

Sikumwambia mtu. Panga nimelinoa, liko nyuma ya mlango. Nangoja tu haya maua mawili yaanguke. Na hata nikikosea, umebaki mmoja Columbus.