Mpira Wenye Mkia

Jumanne, 5 Machi

Televisheni imekufa. Nimeiua mimi. Mvua siku tatu, nepi hazikauki, nikaona pale juu yake pana joto. Nikatundika nne. Nne tu! Maji yakachuruzika ndani, ikalia chii, harufu, giza.

Alitupatia zawadi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, siku ya harusi. Na Jumamosi anakuja. Kila akija lazima acheze gemu ya mpira na mdogo wake. Tangu utotoni mume wangu hajamshinda hata mara moja. Mwaka huu kajifua kama anakwenda Kombe la Dunia.

Lakini si hilo linalonitetemesha. Baba watoto yuko safarini kikazi mpaka Alhamisi. Mwezi uliopita, baada ya uongo wangu kuhusu simu iliyotumbukia kwenye ndoo, aliniambia kosa lolote atasamehe, ila nikimdanganya tena hatajua amwamini nani humu ndani. Angefoka ningeogopa kidogo. Alisema kwa upole!

Kwa hiyo nitamwambia ukweli.

Au nitanunua nyingine inayofanana.

Jumatano, 6 Machi

Nimenunua. Akiba yangu ya cherehani yote imekwenda. Ya bei ya chini, ukubwa ule ule. Nilimuuliza muuzaji kama inafaa kwa gemu. Akaapa: dada'ngu, hii ni ya gemu kabisa. Akanionyesha samaki wanaogelea. Wazuri mno! Nikabeba. Nimefika nyumbani ndipo najiuliza, ni samaki gani aliyewahi kupiga penalti?

Nikabandua stika ya jina la kampuni kwenye marehemu kwa kisu cha siagi, nikaibandika kwenye mpya. Imekaa upande kidogo. Marehemu nimemsukumia uvunguni.

Kisha nikawasha gemu, mtoto mgongoni. Mama yangu! Nabonyeza, mchezaji anafikiria kwanza, ndipo anapiga. Mpira ukienda kasi unaburuta mkia kama moshi. Nikamweka binti yangu wa miaka minne awe mwamuzi: nikibonyeza nasema "moja", akiona mguu umegusa mpira aseme "kapiga". Kila mara "moja" yangu iliisha kwanza. Mara ya saba akaniambia, mama, huyu mjomba kachoka, mwache alale.

Hata mimi nimechoka. Na ni saa tisa mchana tu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi kwa fundi simu, jirani. Nikasema televisheni ni ya rafiki yangu. Akasema huyo rafiki aingie kwenye mipangilio, atafute hali ya gemu, itapunguza kule kuchelewa. Akanitazama sana alipotamka "rafiki".

Nikaingia. Maandishi yakageuka ya nchi nisiyoijua. Nikabonyeza kwa kubahatisha. Picha ikapinduka kichwa chini! Wachezaji wananing'inia kwenye nyasi kama popo. Nusu saa nzima natokwa na jasho, mtoto analia, binti anapiga makofi.

Hali ya gemu nikaipata mwishowe. Wachezaji wakawa wepesi kidogo. Lakini nyuso zao zote kijani, kama wamekula kitu kibaya. Nichague nini, wagonjwa wepesi au wazima wazito? Kijani angekiona akiwa mlangoni. Nikarudisha wazima.

Saa kumi karudi. Kawabusu watoto, kashika padi ya gemu. Dakika mbili, kauliza mbona wachezaji wazito hivi. Mdomo ukajibu kabla yangu: gemu imejisasisha yenyewe, siku hizi wachezaji wanachoka kama binadamu. Akasema, lo, teknolojia!

Nikaenda jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi kaingia, kanikumbatia, kaniuliza mbona nimekonda. Woga, wifi. Sikusema. Nilisema kunyonyesha.

Kaketi. Kabonyeza mara mbili. Kaitazama skrini. Kaitazama stika. Kanitazama mimi. Akauliza, wifi, televisheni yangu ina mafua? Mume wangu akacheka: dada, usitafute sababu, gemu imejisasisha.

Wifi anabonyeza akiona mpira. Mume wangu, kwa siku mbili, kazoea kubonyeza kabla. Nne kwa moja! Karuka, kambeba binti, kacheza sebule nzima. Sijamwona hivyo tangu tuoane. Nilitamani kulia, nikapiga vigelegele.

Wifi kanifuata jikoni. Hakufoka. Ukoo mzima ni wapole, ndiyo shida! Akasema kesho kabla hajaondoka nimwambie mume wangu ukweli, ama atasema yeye.

Jumapili, 10 Machi

Nimesema. Nepi, stika, mjomba aliyechoka, yote. Nikamvuta marehemu uvunguni kama ushahidi.

Mume wangu akamtazama marehemu, akanitazama mimi. Nilishajiona niko kwa mama yangu na mabegi. Halafu akauliza jambo moja tu: ule ushindi ulikuwa wa kweli? Nikamwambia ndiyo, mlicheza skrini moja, iliwachelewesha nyote wawili sawasawa. Hapo sikuongeza chumvi. Akacheka mpaka machozi. Akasema, mama watoto, basi, uongo tumeuzika leo. Nikaapa. Kwa dhati kabisa. Wifi akanibana shavu, akaenda zake.

Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu kajitangaza bingwa kazini. Mwenzake mmoja katualika familia nzima Jumamosi wapambane kwake. Ana televisheni kubwa, ya bei mbaya, isiyochelewa hata kidogo. Baba watoto atabonyeza kabla ya kila mpira. Atafungwa kumi mbele ya ofisi nzima! Ile furaha yake yote!

Nimewaza asubuhi nzima. Kumwambia? Kutamvunja moyo. Nimemwandikia mke wa mwenzake tu kwamba hatutakuja, mtoto ana tetekuwanga. Si uongo wa kumdanganya mume. Ni wa mtu mwingine kabisa.

Saa nane. Yule mke kamwambia mumewe, mumewe kamwambia wangu. Wangu kaomba ruhusa, kanunua dawa ya kupaka, yuko njiani anakuja mbio.

Mtoto amelala, ngozi laini, haina hata kipele. Kalamu nyekundu nimeiona wapi?