Ukuta Uliopiga Chafya

Hivi nyie wenzangu wa kikoba, mmeshawahi kuona ukuta unapiga chafya?

Mimi nimeuona. Leo nimeumbuka, tena mbele ya watu wenye kamera. Sikilizeni hii sauti mpaka mwisho, na atakayecheka namjua kwa jina.

Mjukuu wangu Zuhura, yule mke mwenza wangu wa hapa Mafiga, kapata kazi ya kuwatembeza wageni mjini kwa miguu, anawaonyesha picha zilizochorwa kwenye kuta. (Eti kazi. Sisi tuliteremka toka Kinole huko mlimani na tenga la ndizi kichwani, nani alituita waongozaji?) Leo ndio alikuwa anajaribiwa. Bosi mwenyewe anakuja kumsikiliza, akiharibu, nafasi anapewa mwingine. Nikasema nakuja. Akaniangalia.

"Bibi, njoo. Ila usiongee."

"Mimi naongeaga lini?"

Nikavaa kitenge kipya. Miwani nikaiacha kabatini, inaniharibia kilemba. Ugoro sikuuacha. Miwani ni ya kuonea tu, ugoro ni wa kuishi.

Tukaanzia karibu na sokoni. Wageni sita, walimu toka Dodoma. Zuhura anaeleza vizuri, mtoto ana maneno (kayatoa kwangu, si kwa mama yake). Mimi kimya. Kufika kona, namuona mzee wa kanzu kakaa kwenye kigoda, kanikodolea macho. Ningepita bila salamu?

"Shikamoo mzee."

Kimya.

"Mzee, shikamoo."

Kimya. Nikaona huyu ana dharau. "Ukiitikia utapungua kilo, baba?"

Zuhura kaja mbio, kaninong'oneza. "Bibi, hiyo ni rangi."

Walimu wote wakageuka kuangalia mlima. (Watu wa Dodoma wana adabu, wanacheka kwa mabega.)

Nikaapa sirudii. Nikavuta ugoro kidogo nitulize moyo, tukaendelea. Ukuta wa pili umejaa maua na ndege, rangi za kila namna. Katikati kasimama mwanaume mnene, shati la maua, mkono sikioni, hatikisiki. Nikasema hapa simsalimii mtu. Mimi si mjinga mara mbili.

Nikasogea. Nikaona na mimi nimsaidie mtoto kuelimisha wageni.

"Huyu sasa kakosewa," nikawaambia. "Rangi yote imeishia tumboni, shingo mchoraji kasahau. Lakini pua, jamani, pua kaiweza. Oneni mpaka vinyweleo vya ndani."

Nikaweka kidole. Kile kidole cha ugoro.

Ukuta ukapiga chafya. Ukapiga ya pili. Ya tatu ikanipindua kilemba.

"Bosi, pole," Zuhura akasema. Kumbe mwenzangu alikuwa anatusubiri hapo, kaegemea ukuta anasikiliza simu. Nikamtazama mjukuu wangu, machozi yanamlengalenga, kazi ndio hiyo inaondoka. Nikatafuta shimo la kuingia. Na mashimo yote ya barabara zetu, leo sikuliona hata moja.

Bosi akafuta macho. "Bibi, wewe kabila gani?"

"Mluguru."

"Mimi Mnyamwezi."

Nyie, moyo ukarudi mahali pake. Mtani huyo! Mtani akikasirika, aibu ni yake.

"Sasa pole ya nini?" nikamwambia. "Nilikuwa nakagua mali yangu. Na hilo tumbo bado nasema limezidi."

Kacheka mpaka kaushika ukuta. "Basi nipe ugoro kistaarabu, huu umenilisha kwa hila." Nikampa. Akamgeukia Zuhura. "Jumatatu uanze. Na huyu bibi yako mlete siku ambayo mimi sipo."

Kurudi, Zuhura kanitangulia njia nzima. Kufika mlangoni ndio kaanza kucheka, kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akaniahidi: ukipatikana ukuta mwingine, atamwomba mchoraji anichore mimi, na kilemba changu, na miwani yangu, ila mdomo umefungwa, ili mji huu nao uone siku moja nimenyamaza.