Moshi Ndani ya Chupa

Uvumi ulimng'ang'ania kuliko harufu ya kazi yake: mkwewe, mume wa bintiye, ameonekana kwa Mdomo Asali, muuza pombe, glasi puani, pesa za mabati mfukoni. Mama muuza samaki wa moshi alijaribu kuupuuza, akashindwa. Nyumba ya bintiye ilikuwa kuta tupu, na mvua zilikuwa njiani.

Akafunga kibanda, akaenda. Sebuleni kwa Mdomo Asali watu walikuwa wamependeza kama wanaokwenda kuposa.

"Wiski hii," Mdomo Asali alihubiri, "shayiri yake imekaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi. Mwenye ulimi wa kitajiri atasikia moshi, chumvi na nyama ya kubanikwa. Mwenye ulimi wa shida hatasikia kitu."

Nani akubali ulimi wa shida? Wote wakasikia. Mmoja alisikia hata ngozi ya kiti.

"Mama, nimesikia nyama!" mkwe akasema, machozi yakimtoka. Miguuni pake chupa sita. Mabati yote yalikuwa humo.

Mama akaonja tone. Miaka ishirini ya moshi haikumwacha mjinga: pombe kali ya bei rahisi, majani ya chai, na moshi wa maranda, tena ya mbao zilizopakwa rangi. Akayameza maneno pamoja na tone.

"Tamu, mwanangu," akamwambia mkwe, kisha akamgeukia Mdomo Asali. "Kuna bwana wa hoteli anataka kumi na mbili kesho asubuhi, bei mara tatu. Sisi tunazo sita. Niuzie sita nyingine."

Mdomo Asali alibakiwa na sita hasa. Alizipika mwenyewe jikoni, ndiyo, lakini mjinga mnono hivyo amwachie muuza samaki?

"Mama, wewe na mahoteli wapi na wapi? Nirudishie zako, nakupa mara mbili."

"Pesa taslimu?"

"Kwanza nimwone huyo bwana."

Jioni bwana wa hoteli akaja amevaa suti. Akanusa, akafumba macho. "Kumi na mbili, kesho asubuhi. Ikipungua moja, sichukui."

"Mbona koti lanuka samaki?" Mdomo Asali akauliza.

"Ndugu yangu, hoteli bila jiko?"

Pesa za Mdomo Asali zikatoka papo hapo, mama akamkabidhi zile chupa sita. Bwana akarudi kwenye cherehani yake, jirani na kibanda cha mama, akairudisha suti ya mteja kwenye msumari. Mabati yakapanda kabla ya mvua. Mdomo Asali alingoja siku tatu, chupa zimepangwa mstari. Ya nne akaanza kuzionja. Wanasema hata yeye nyama hakuisikia.

Kwa hiyo, wanangu, epukeni haya:

Chupa iliyokwisha kufunguliwa na mtu mwingine.
Anayekuambia utasikia nini kabla hujaonja.
Aibu ya kusema, "Mimi sisikii kitu."
Kwenda kunusa na pesa za mabati mfukoni.
Kumwacha fundi cherehani na suti yako wiki nzima.