Pindo la Shati Langu Lishushwe, Kipigiliwe Kilalio cha Mshale

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Wawindaji wa Upinde,
Kambi ya Ziwa Fisi Maji, Wisconsin.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na pia Curt mwana wa dada yangu,

Nakuandikia kwa heshima zote za cheo chako, ingawa nepi zako nilizibadilisha mimi. Shule niliiacha mapema ili nisiwacheleweshe wenzangu, kwa hiyo pale mwandiko utakapopinda, wewe nyoosha.

Neno lenyewe ni hili. Jumamosi iliyopita nilirudi kambini bila kulungu. Ukanishika bega mbele ya wanaume wote, ukasema, "Geuka, Mjomba, sheria haina ujomba," ukachukua mkasi wa samaki ukalikata pindo la nyuma la shati langu jekundu la flana. Mtu akadakia kutoka jikoni, "Kata refu, Mwenyekiti, hadithi zake ni ndefu." Sasa pindo limepigiliwa ukutani pamoja na ya wengine waliokosa shabaha, na jina langu juu yake kwa wino mweusi.

Jumamosi hii ni karamu ya kufunga msimu wa upinde. Wake na wakwe watakuja kula soseji za kulungu, na kama kawaida majina ya ukutani yatasomwa kwa sauti. Wewe unajua anayeyasoma kila mwaka ni mimi. Nimewasoma shemeji zangu wote, ndugu zake mke wangu Marlys, na sikuwa nawasoma kwa huruma. Siwezi kusimama mbele yao nijisome mwenyewe.

Kwa hiyo naomba pindo langu lishushwe kabla ya karamu, na mahali pake kipigiliwe mkosaji halisi, yaani kilalio cha mshale cha upinde wangu, kile kichuma chenye panda ambacho mshale hulala juu yake ukingoja kuachiwa. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Kilipiga kelele. Dume alisimama karibu na mti wangu, pembe zake pana hata kunguru wangefanyia mkutano. Nikauvuta upinde taratibu, nao ni wa kisasa wenye roda za kuvutia kamba, hauna shida, unavutika kama siagi. Lakini mshale ulipoteleza juu ya kilalio, kililia kama bawaba ya zizi la ng'ombe. Dume akainua kichwa akanitazama kama mtu aliyeamshwa katikati ya mahubiri. Nilikaribia kumwomba radhi.

2. Kina tabia mbaya. Hiki ni kile cha kisasa ambacho ukiachia mshale, chenyewe kinaanguka chini kisiuguse. Mheshimiwa, wewe una wafanyakazi kwenye kiwanda chako cha jibini. Ungemwajiri mtu ambaye kazi ikianza tu, yeye analala?

3. Sikukichagua kwa hiari. Orrin wa duka la pinde aliweka viwili mezani. Cha kwanza ni pete ya nywele ngumu, mshale unapenya katikati, hauanguki hata upinde ukiugeuza juu chini. Nikamwambia mishale yangu ina manyoya halisi ya bata mzinga, siwezi kuipitisha kwenye brashi ya kuoshea chupa. Na mvua ya barafu ikinyesha je, nywele zikigandamana, nipulizie kwa mdomo? Nilisimama pale mpaka Orrin akala chakula chake cha mchana mbele yangu. Mwishowe akasema, "Mzee Delmar, mchagua jembe si mkulima. Chukua hiki kinachoanguka, twende nyumbani." Nikachukua kwa sababu ya uchovu wake, wala si kwa kutaka kwangu.

4. Sheria yetu inasema akatwe pindo aliyekosa shabaha. Nani alikosa? Mshale wangu ulifika mahali nilipoupeleka, ukachoma jani moja palepale bega lilipokuwa. Mimi nilikuwapo, mshale ulikuwapo, asiyekuwapo ni kulungu. Na huyu anayezungumza ni mtu aliyewahi kumpiga dume kwa mshale uliotokeza upande wa pili ukamwangusha na bata mzinga wa jirani, na kama usingezuiwa na mti wa msonobari, leo tungekuwa tunauulizia jimbo la jirani, Minnesota.

5. Kwa kuwa sikukosa, basi nilipata. Naomba dume yule aandikwe kwa jina langu kwenye ubao wa pembe wanakoandikwa waliopata, na atakayemuua msimu wa bunduki unaofuata aniletee paja la nyuma, kwa kuwa atakuwa amemalizia kazi yangu.

6. Naomba vilalio vya namna hii vipigwe marufuku kambini, na Orrin akatwe pindo lake hata kama hakuwinda.

Nisalimie mama yako, mwambie kachumbari ya kabichi aliyonipa imekwisha. Wasalimu watoto, msalimu mpishi wa kambi, na yule aliyedakia kutoka jikoni msalimu pia, nitamjua tu.

Nikisubiri haki kwa unyenyekevu,
Mjomba wako na mwanachama mwaminifu,
Delmar Pagel

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta stempu, Marlys ametoka kufua akiwa na soksi yangu ya kulia. Ndani yake, kisiginoni, amekuta kile kitambaa laini chenye gundi ambacho Orrin alikibandika juu ya kilalio ili mshale uteleze kimya. Buti zilikuwa mpya, Mwenyekiti, zilinichubua, nikakibandua nikakibandika kwenye kidonda, maana huko juu ya mti hakuna duka la dawa. Marlys amesimama nyuma ya kiti changu mpaka niyaandike haya. Anasema pindo libaki lilipo na majina nitayasoma yote. Basi Jumamosi nitakuja nimelivaa shati lenyewe. Nyuma ni fupi na mbele ni refu, watu kanisani wananicheka, kwa hiyo njoo na mkasi ukate na mbele, lilingane.